Tanga hadi Sakharani na Lushoto kwa siku mbili: barabara, baridi, na kushusha chupa za mvinyo salama

Mwambao_Chumbageni:

Wakuu, habari za jioni.

Tunapanga kupanda Lushoto mwezi wa saba, watu sita, kutoka Tanga mjini, kwa Noah ya otomatiki. Ni Jumamosi na Jumapili, tunalala usiku mmoja. Watatu wanataka kufika Sakharani kununua mvinyo wa watawa. Watatu wengine hawagusi pombe, na kati yao yumo mama wa miaka sitini na kitu ambaye magoti hayamruhusu kupanda milima kwa miguu. Sitaki wao wakae garini wakisubiri wenzao waonje.

Naomba wenye uzoefu na njia ile mnisaidie haya. Sakharani tuingie siku ya kupanda au ya kushuka? Noah inatosha, na kushuka Soni hadi Mombo kwa gari ya otomatiki kunafanywaje bila kuunguza breki? Kuna mashamba ya mizabibu ya kutembelea kama yale ya Dodoma? Na chupa: tumeambiwa ukishuka kutoka mlimani mgandamizo wa hewa unafyatua vizibo. Ni kweli?

---

Msambaa_wa_Soni:

Karibuni sana kwetu. Nianze na siku, kwa sababu hapo ndipo mpango wenu una kasoro. Sakharani ni nyumba ya watawa wa Mtakatifu Benedikto. Jumapili asubuhi ni ibada, na kwenda siku hiyo kutafuta mtu wa kufungua duka ni kubahatisha. Mkiweza, hamisheni safari iwe Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa Soni kuna gulio (siku zake ni Jumanne na Ijumaa), mtakuta mboga, viazi na matunda kwa bei ya mkulima. Wanaoswali Ijumaa watapata msikiti Soni na Lushoto bila shida, pangeni tu muda.

Tokeni Tanga saa 12 asubuhi. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, yote lami. Vijijini heshimuni kibao cha 50, tochi za trafiki ziko nyingi kwenye njia hiyo. Hesabuni kufika Mombo kati ya saa 2:30 na saa 3. Mombo ndipo mnapoiacha barabara ya Moshi na kuingia kulia kwenye mlima. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, lami tupu, nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Chukulieni saa nzima, msikimbizane na daladala. Soni iko karibu katikati, na maporomoko ya maji mnayaona hapo hapo barabarani, kwa hiyo huyo mama atayaona bila kupanda popote.

Njia ya Sakharani inachepuka Soni na ni ya udongo. Mwezi wa saba kwa kawaida ni kavu na Noah inapita polepole. Ila mvua ikinyesha usiku, ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni na Noah ina tumbo la chini. Hapo acheni gari Soni, mchukue bodaboda au gari la wenyeji lenye miguu mirefu.

Kabla hamjatoka Tanga, pigeni simu. Ulizeni vitu vitatu: mvinyo upo kwa sasa, kununua ni saa ngapi, na kuonja kunaruhusiwa au la. Kile si kilabu wala baa, ni mahali pa sala na kazi, na mgeni anapokelewa vizuri zaidi akija kwa miadi. Ulizeni na makadamia, watawa wa Sakharani wanajulikana kwa makadamia kama kwa mvinyo, na hilo hata wasiokunywa watalibeba.

Na kwa nyie wa Tanga, jina la pale lina uhusiano na mji wenu. Sakarani ni mtu aliyelewa, na lilikuwa jina la utani la Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyekuwa na shamba huku Usambara. Aliuawa kwenye vita vya Tanga, Novemba 1914.

---

Fundi_wa_Kange:

Mkuu, suala la breki nitalijibu kwa kirefu kwa sababu watu wanaharibikiwa hapo kila msimu wa sikukuu.

Kutoka Lushoto (mita kama 1,400 juu ya bahari) hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Nguvu yote hiyo lazima iende mahali. Ukiacha gia kwenye D, gari inajiachia, wewe unashikilia pedali, na nguvu yote inageuka joto kwenye pedi na diski. Joto linaingia kwenye kalipa, linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 3 yanachemka kwenye nyuzi 205. Yakishakaa miaka yanafyonza unyevu wa hewa, na hapa Tanga unyevu tunao wa kutosha, na yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya paipu. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Ndiyo maana pedali inazama hadi chini na gari haisimami, ingawa pedi ni mpya kabisa.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari, badilisha mafuta ya breki yote, usiongezee juu tu. Weka DOT 4 kama kitabu cha gari kinaruhusu. Pima unene wa pedi, chini ya milimita 3 usipande nazo. Gurudumu la nyuma likiwa la ngoma, fungua uangalie kama silinda yake haivuji.

Kushuka: kabla ya mteremko kuanza, toa kwenye D weka 2. Kona kali sana weka L. Noah za karibuni hazina 2, zina S, B au M, kazi ni ile ile, injini ishikilie gari. Usisubiri gari ishike kasi ndipo ushushe gia, giaboksi itapiga kelele na utaogopa. Breki unakanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, unapunguza hadi kasi unayotaka, unaachia kabisa zipoe. Kuweka mguu juu ya pedali kilomita nzima ndiko kunakounguza. Ukisikia harufu kama kitambaa kinaungua, tafuta mahali papana, simama dakika 20 hadi 30. Usimwagie maji. Diski ya moto ikipata maji baridi inapinda, na ukirudi Tanga usukani unatetemeka kila ukikanyaga breki.

Na usizime injini wala kuweka N eti unaokoa mafuta. Injini ikizima, baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito.

Kupanda ni rahisi zaidi. Angalia mshale wa joto. Ukianza kupanda juu ya kawaida, zima AC, pumzika injini ikiwa inaunguruma taratibu, mfuniko wa rejeta usiuguse. Kila kona usiyoona mbele, piga honi, shika upande wako. Mahali pembamba anayeshuka ndiye anamsubiri anayepanda.

Mwisho, uzito. Chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 ina kilo 1.2 hivi, za kioo kizito zinazidi. Katoni mbili za chupa 12 kila moja ni karibu kilo 30, juu ya watu sita na mizigo. Ziweke sakafuni nyuma ya siti ya kati, si juu ya siti ya mwisho.

---

Bwana_Shamba_Muheza:

Swali la mashamba ya mizabibu. Msiende mkitarajia Dodoma. Kule kuna mashamba makubwa ya kutembea, viwanda, aina kama Makutupora Nyekundu na Chenin Blanc, na wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka. Usambara unafuata mvinyo kidogo wa nyumba ya watawa ndani ya mandhari ya mlima, na hilo lina sababu zake.

Watu wanasema, kama mizabibu inapenda baridi ya Ujerumani, si ingestawi zaidi Lushoto? Baridi peke yake haitoshi. Bonde la Mosel kule Ujerumani liko nyuzi 50 kaskazini. Majira yao ya joto jua linawaka saa 16 kwa siku, halafu kinakuja kipupwe kikali na mzabibu unalala usingizi miezi kadhaa. Huo usingizi ndio unaoamsha macho yote (machipukizi) kwa pamoja, maua yanatoka pamoja, zabibu zinaiva pamoja. Lushoto iko chini ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mchana ni saa 12 mwaka mzima, na baridi ya Julai haifiki ya kuulaza mzabibu. Bila mkasi wa mkulima, mti mmoja unakuwa na ua, zabibu changa na zabibu zilizoiva kwa wakati mmoja, na huwezi kutengeneza mvinyo mzuri kwa mchanganyiko huo. Kwa hiyo mkulima wa nchi zetu anaulaza mzabibu kwa kukata maji na kupogoa kwa nguvu. Dodoma hilo linawezekana kwa sababu kiangazi chake ni kirefu na kikavu. Usambara mvua za masika, vuli na manyunyu ya katikati hazikupi nafasi hiyo.

Halafu unyevu. Ukungu wa asubuhi unaoupenda wewe mtalii ndio adui wa mzabibu. Kuna magonjwa mawili ya kuvu: ubwiri vinyoya unaingia jani likikaa na maji kwa saa chache, ubwiri unga hautaki hata maji, unyevu wa hewa unautosha. Dawa ya kale ni mchanganyiko wa bordo, yaani mrututu na chokaa, lakini mvua ikiosha unarudia kupulizia, na gharama inapanda.

Faida ya mlima ipo na ni ya kweli. Usiku wa baridi unaifanya zabibu isiteketeze asidi yake haraka, kwa hiyo mvinyo wa mahali pa baridi unakuwa na ukali safi mdomoni na mara nyingi kilevi cha chini, asilimia 11 au 12 badala ya 14. Mkionja, tafuteni hilo: mate yanajaa pembeni ya ulimi. Mkitafuta utamu na uzito wa mvinyo wa Dodoma mtasema mwembamba, na mtakuwa mmeuonea.

Usichanganye pia mvinyo wa zabibu na ule wa matunda. Huko juu utauziwa wa ndizi, wa plamu na wa matunda pori. Ni vinywaji vya heshima vikitengenezwa vizuri, ila soma lebo ujue umeshika nini.

---

Bi_Raskazone:

Kwa wasiokunywa na kwa huyo mama, mpango ni mzuri kuliko mnavyofikiri. Mwelekezeni Irente. Ni kilomita tano sita kutoka Lushoto mjini na gari linafika karibu kabisa na ukingo. Pale Irente penye shamba na hifadhi ndogo ya kanisa la Kilutheri wanatengeneza jibini, mkate, jamu na juisi, na wanaandaa chakula cha mchana bustanini. Agizeni mapema, wanapika kwa idadi. Baada ya kula mnasogea kwenye ukingo wenyewe. Mlima unakatika ghafla, chini kabisa ni Mazinde na mbele ni nyika ya Wamasai hadi macho yachoke. Nendeni saa 10 jioni. Asubuhi ya Julai mara nyingi mtaangalia ukungu mweupe tu, na jua linazama upande huo huo wa nyika. Hakuna ukuta wa maana ukingoni, watoto washikwe mkono.

Ubiri, kabla hamjaingia Lushoto, masista nao huuza jamu na jibini.

Baridi: watu wa Tanga tunaidharau hadi usiku ufike. Kila mita 1,000 mnazopanda joto linapungua kama nyuzi 6, kwa hiyo mchana ni raha, lakini usiku wa Julai unaweza kushuka hadi 10 au 12. Kanga na shuka la Tanga havitoshi. Soksi nzito, sweta, kofia ya kulalia, na huyo mama abebewe blanketi lake. Mnapochagua nyumba ya kulala ulizeni kama maji ya moto ni ya jua au ya umeme, kwa sababu ya jua siku ya ukungu hayapo. Mkipewa jiko la mkaa chumbani, kataeni. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala madirisha yakiwa yamefungwa.

Mtae achaneni nayo safari hii. Ni nzuri mno, lakini ni kilomita kama 60 zaidi za njia mbaya, na siku mbili haziitoshi. Msitu wa Magamba unaweza kuingia kama vijana wana asubuhi moja. Unalipia kwa kumbukumbu namba, unakwenda na mwongozaji, na viatu viwe vya kushika matope hata kiangazi.

---

Stoo_ya_Ngamiani:

Nijibu la vizibo, kwa sababu mliyoambiwa yamegeuzwa.

Mgandamizo wa hewa Lushoto ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga. Ukishuka, hewa ya nje ndiyo inaongezeka na kusukuma kizibo kiingie ndani, haikivuti nje. Jaribuni kwa chupa tupu ya maji: ifungeni vizuri Lushoto, mkifika Mombo itakuwa imenywea. Kinachofyatua kizibo ni joto. Mvinyo ukitoka nyuzi 15 hadi 35, chupa ya mililita 750 inaongezeka kama mililita 4. Shingoni hiyo ni zaidi ya sentimita moja, na nafasi iliyoachwa chini ya kizibo ni karibu hiyo hiyo. Gari likiegeshwa juani Korogwe mkila chakula, ndani linapita nyuzi 50. Kizibo kinapanda, mvinyo unachuruzika, kisha usiku ukipoa chupa inavuta hewa ndani. Baada ya wiki chache unafungua siki.

La pili ni mvinyo wa matunda wenye utamu. Ukiwa bado na hamira hai na sukari, baridi ya mlimani ilikuwa imeilaza. Joto la Tanga linaiamsha, inachachuka tena ndani ya chupa, gesi inajaa. Huo ndio unaopasua chupa kweli. Ulizeni kabla ya kununua kama umechujwa au kupashwa moto. Kama muuzaji hana uhakika, nunueni chupa ya kunywa huko huko.

Dukani shika chupa kwenye mwanga. Kiwango cha mvinyo kiwe kimefika shingoni na kilingane na chupa jirani. Kizibo kisiwe kimetokeza wala kuwa na ute unaonata. Chupa iliyokaa dirishani juani iache, hasa ya kioo cheupe. Ukionja, harufu ya siki au ya rangi ya kucha maana yake bakteria wameingia, hautapona ukikaa. Harufu ya gunia bichi inatoka kwenye kizibo kibovu, omba chupa nyingine.

Kubeba: deli lenye kifuniko, chupa moja moja zikiwa zimeviringishwa gazeti au kanga, na chupa mbili za maji yaliyoganda pembeni, zisigusane na mvinyo moja kwa moja. Barafu nyingi haitakiwi, mnatafuta nyuzi 15 hadi 20, si friji. Deli liwe chini, mbali na dirisha. Mkisimama kula, egesheni kivulini na mwenye zamu abaki na vioo vimefunguliwa.

Tanga nyumbani, yenye kizibo cha gome ilale, ya mfuniko wa kusokota isimame, chumba cha giza chenye joto la chini zaidi. Juu ya friji au kabatini jikoni msiweke. Bila friji ya mvinyo msihifadhi zaidi ya miezi michache. Na kuhusu kunywa: vitabu vinaposema mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wanazungumzia chumba cha nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Ngamiani ni 29. Tia friji kwanza upoe kidogo. Mweupe ukae humo muda wa saa tatu.

---

Mwambao_Chumbageni:

Asanteni sana wote. Tumehamisha safari iwe Ijumaa na Jumamosi. Bado moja: Sakharani Ijumaa tukipanda, au Jumamosi tukishuka? Tukinunua Ijumaa chupa zinalala Lushoto, tukinunua Jumamosi zinaingia barabarani moja kwa moja. Na dereva naye anataka kuonja.

---

Msambaa_wa_Soni:

Jumamosi asubuhi mkishuka, kwa sharti kwamba simu imethibitisha watakuwepo. Tokeni Lushoto saa 2, Sakharani saa 4, Soni tena saa 5:30, Mombo kabla ya saa 7. Wasiokunywa waacheni Soni wanywe chai na kutazama maporomoko, au waingie nao wachague makadamia, uzuri wa njia ile ni wa wote. Simu ikisema Jumamosi hapana, nunueni Ijumaa. Chumba cha Lushoto usiku ni baridi kuliko stoo yoyote ya Tanga, chupa hazitadhurika.

Dereva asionje hata kijiko. Zile kona za Soni kwenda Mombo zinataka macho na mguu mzima. Mnunulieni chupa yake, aifungue Tanga.

---

Fundi_wa_Kange:

Naongezea hapo. Mkitoka Sakharani, kabla ya kuanza kushuka, kanyaga breki mara mbili uone pedali inasimama juu na ngumu. Njia ya udongo inatia matope na changarawe kwenye diski. Ukisikia kukwaruza, simama Soni uoshe magurudumu yakiwa yamepoa, ndipo uingie kwenye mteremko.